Jioni ya Alhamisi: Mwongozo wa Kuendesha Mkutano wa Kila Wiki wa Klabu ya Huduma

Klabu ya huduma, yaani kundi la watu wanaojitolea kuisaidia jamii yao, huishi kwa mkutano wake wa kila wiki. Nimekuwa katibu wa klabu ya namna hiyo hapa Tabora kwa miaka kadhaa, na nimeona madawati yakitengenezwa, miche ikipandwa na damu ikichangwa na watu ambao, kama wangeitwa kwenye kikao kikavu cha ajenda na yatokanayo, wangekuja mara mbili na mara ya tatu wasionekane. Walirudi kwa sababu muda ule mfupi wa Alhamisi jioni ulikuwa muda wa kucheka pamoja na watu wanaoheshimiana. Kwa hiyo furaha ya mkutano inastahili kupangwa kwa uangalifu uleule tunaoutumia kupanga fedha, na hatua zifuatazo zinaeleza namna sisi tunavyoipanga, pamoja na makosa tuliyoyafanya tulipokuwa bado hatujajua.

Hatua ya kwanza: Chagueni siku na saa, kisha msizihamishe

Katika mji wetu Ijumaa ina swala yake, Jumapili ina ibada yake, na Jumamosi ni siku ya harusi, shamba na misiba, huku Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikiwa ni ya usafi wa mazingira. Sisi tulitulia Alhamisi saa 11:00 jioni. Wakati huo swala ya alasiri imekwisha kuswaliwa, ofisi zimefungwa, na kwa kuwa jua huchelewa kuzama Tabora kuliko Dar es Salaam, mkutano unaweza kufungwa saa 12:15 na kila mtu akawahi magharibi bila kukimbia. Mwezi wa Ramadhani tunaondoa chai na vitafunio, tunafupisha mkutano uwe wa nusu saa, na wiki moja katika mwezi huo tunafuturu pamoja, Waislamu na Wakristo, kwa mchango wa wote.

Wapo watakaopendekeza mkutane mara moja kwa mwezi ili kupunguza usumbufu. Tangu mwaka 2016 hata klabu za Rotary, mtandao wa klabu za huduma ulioenea duniani, zimeruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki, na klabu yenye wanachama wanaosafiri sana inaweza kuona nafuu katika ruhusa hiyo. Kwa maoni yangu, hata hivyo, mkutano mfupi wa kila wiki hauchoshi kama mkutano mrefu wa kila mwezi, na mtu aliyekosa wiki moja hajapoteza uzi wa mazungumzo. Jambo la kulinda ni saa ya kufunga. Mwanachama akishajua kwamba saa 12:15 ni saa 12:15 kweli, hatakuwa na sababu ya kusita kuja.

Hatua ya pili: Pateni mahali pa kudumu, na mara moja kwa mwezi mkae kazini kwa mwanachama

Kwa wiki tatu za mwezi kutaneni mahali pasipobadilika, pawe darasa mliloliomba na kuruhusiwa kulitumia, chumba cha mgahawa au kivuli cha mwembe. Tukubaliane tu kwamba kivuli cha mwembe kina majira yake: Novemba mvua huanza, maembe nayo huanguka bila kubisha hodi, na chini ya paa la bati mvua kubwa ikipiga hakuna mzungumzaji atakayesikika. Kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Aprili muwe na mahali pa akiba, na kila mwanachama apajue mapema.

Wiki ya nne hameni. Desturi hii ni ya zamani sawa na klabu za Rotary zenyewe. Tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago, wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu: Gustavus Loehr, aliyekuwa mhandisi wa migodi, Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey, fundi wa nguo. Walianza kukutana kwa zamu katika ofisi za wanachama, na kutokana na kule kuzunguka wakapata jina la Rotary. Harris alijiona mpweke katika jiji kubwa na alichokitafuta kwanza kilikuwa urafiki. Huduma kwa jamii ilifuata baada ya urafiki kushika mizizi.

Nasi tulijifunza thamani ya kuzunguka katika karakana ya mwanachama wetu seremala. Tulikaa juu ya mbao za mninga zilizokuwa hazijapigwa randa, unga wa msumeno ukatuganda kwenye nguo, na mwenyeji wetu akatuwekea katikati dawati bovu la shule ya msingi. Akalishika mguu mmoja, akautikisa, akatuonyesha kwamba mbao zenyewe zilikuwa nzima na kilicholegea ni kiungo tu, ambacho gundi, kabari ndogo na usiku mmoja wa kubanwa vingetosha kukirudisha. Mpaka jioni hiyo tulikuwa tukichangisha fedha za kununua madawati mapya. Tangu jioni hiyo tunatengeneza kwanza yaliyovunjika, na fedha zinafika mbali zaidi. Mzee mmoja wetu, mwalimu mstaafu, aliomba randa naye ajaribu, akapiga mara moja, ubao ukang'ang'ania, na kicheko kilichofuata kilikuwa chake mwenyewe kabla ya kuwa chetu.

Hatua ya tatu: Mchagueni mtoza faini kwa uangalifu kuliko mnavyomchagua mwenyekiti

Hapa ndipo penye moyo wa mkutano, nami nitakaa hapa kwa muda.

Klabu nyingi za huduma duniani zina ofisa ambaye kazi yake ni uchangamfu. Katika klabu za Lions, ambazo chimbuko lake ni mkutano ulioitishwa na Melvin Jones huko Chicago mwaka 1917, ofisa huyo hupewa jina lenye maana ya msokota mkia wa simba, naye ana mamlaka ya kuwatoza wanachama faini ndogo kwa makosa ya kuchekesha. Kanuni zao za kawaida zimemwekea mipaka yenye hekima: mwanachama hatozwi zaidi ya mara mbili katika mkutano mmoja, fedha zote hukabidhiwa kwa mweka hazina papo hapo, na ofisa mwenyewe hawezi kutozwa isipokuwa wanachama wote waliohudhuria wakubaliane kwa kauli moja. Sisi tulizichukua kanuni mbili za kwanza. Ya tatu tuliibadilisha, kwa sababu tuliona watu wa hapa hufurahi zaidi mtoza faini anapoweza kunaswa kama mtu mwingine yeyote. Jioni moja simu yake iliita katikati ya taarifa ya fedha, naye akasimama bila kuambiwa, akajisomea shitaka, akajitoza mara mbili ya kiwango. Jioni hiyo kila aliyedaiwa alilipa bila kukumbushwa.

Vifaa vyake ni vichache. Wetu ana kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko kwa ukubwa wa sarafu, na kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye kipande cha ubao, ambayo huipiga kabla ya kutaja shitaka. Kiwango cha faini kiwe sarafu moja, shilingi 200 au 500, na kisiongezwe kwa sababu mwanachama fulani ana uwezo. Mkishaanza kumtoza tajiri zaidi, mmeanza kuhesabiana mifuko, na aliyejiunga akiwa na kipato kidogo atalitambua hilo kabla yenu.

Makosa yanayofaa kutozwa ni yale ambayo mkosaji mwenyewe atayasimulia nyumbani kwa furaha: kusinzia mgeni akizungumza, kusahau jina la mwanachama mmeketi naye miaka miwili, kuja na kalamu isiyoandika, kutaja bei ya gunia la mahindi kila mkutano hata pale mada ni meno ya watoto. Wiki ya pambano la Simba na Yanga, watani wa jadi, sisi huwatoza walioshinda. Walioshindwa wamekwisha kulipa.

Makosa yasiyofaa kutozwa yajulikane vilevile. Msimtoze mtu kwa nguo yake, kwa lafudhi yake, kwa ndoa yake au kwa kukosa watoto. Msimtoze kijana kwa kutomwamkia mkubwa wake mbele ya watu. Hilo ni jambo la kuongea naye pembeni, kwa upole, na aliye karibu naye kwa umri ndiye aongee. Na kabla ya kumtoza aliyechelewa, mpeni nafasi ya kujieleza. Tuliijua kanuni hii kwa gharama. Mwenzetu mmoja aliingia saa 11:40, kengele ikapigwa, mashitaka yakasomwa kwa mbwembwe, watu wakacheka, naye akalipa kimya kimya na kuketi. Hakurudi kwa wiki sita. Mimi ndiye niliyekwenda kwake, nikaambiwa kwamba Alhamisi ile alikuwa ametoka kumlaza mtoto hospitalini na alikuja kwetu kutafuta dakika chache za kupumua. Tangu wakati huo mtoza faini anauliza, "Kwema utokako?" kabla ya kugusa kengele, na jibu likiwa si la kwema, mkutano mzima unasimama na kusikiliza.

Watu wa Tabora wana bahati kwamba hawahitaji kujifunza jambo hili kutoka mbali. Misafara ya Wanyamwezi iliyobeba mizigo kati ya Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na pwani katika karne ya 19 ilijenga utani na makabila mengi ya njiani, Wazaramo wakiwa mfano unaojulikana sana, na utani huo una sheria mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kwamba mtani hakasiriki. Ya pili, ambayo husahaulika kwa urahisi, ni kwamba mtani anayekutania ndiye anayetangulia kufika kwako siku ya msiba, akafanya kazi za watu na kuwaliwaza wafiwa kwa maneno ambayo mwingine asingethubutu kuyasema. Utani ni haki inayolipiwa kwa wajibu. Kwa sababu hiyo klabu yetu ina kanuni isiyoandikwa: ukimtania mwenzako kila wiki, akiugua wewe ndiye wa kwanza kwenda kumjulia hali.

Kwa klabu inayotaka kipimo cha maneno, upo mtihani wa maswali manne uliotungwa mwaka 1932 na Herbert J. Taylor, mfanyabiashara wa Chicago aliyekuwa akijaribu kuiokoa kampuni iliyokaribia kufilisika, na ambao baadaye Rotary iliuchukua kuwa wake. Unauliza kama jambo tunalolifikiri, kulisema au kulitenda ni la kweli, kama ni haki kwa wote wanaohusika, kama litajenga nia njema na urafiki ulio bora, na kama litawafaa wote wanaohusika. Ulitungwa kwa ajili ya biashara, lakini mtoza faini akijiuliza swali la tatu peke yake kabla ya kupiga kengele, hatakosea mara nyingi.

Hatua ya nne: Wekeni zamu ya shilingi ya furaha

Baada ya faini, kopo lizungushwe kwa namna nyingine. Anayetaka husimama, anataja jambo jema moja lililompata wiki hiyo, anatumbukiza sarafu na kuketi. Nusu dakika inatosha. Tumesikia habari za mjukuu aliyeanza kutembea, za deni la duka lililolipwa, za mizinga iliyovunwa asali baada ya mwaka mbaya, za binti aliyefaulu kidato cha nne. Asiwepo wa kulazimishwa, na asiwepo wa kutoa hotuba. Mara nyingine mtu husimama, akasema, "Leo sina la furaha, lakini nimefurahi kuwaona," akatumbukiza sarafu yake, na hiyo huwa zamu bora ya jioni nzima.

Hatua ya tano: Gaweni saa moja na robo kwa dakika

Mwenyekiti akae na saa mbele yake. Kwetu dakika kumi za kwanza ni za salamu, chai ya tangawizi, karanga na michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa), na wakati huo mlangoni pawe na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuwapokea wageni, kuwauliza majina na kuwatambulisha kwa angalau watu wawili kabla hawajaketi. Saa 11:10 kengele inapigwa na wimbo unaimbwa. Klabu nyingi huona haya kuimba, nami nawasihi mjaribu; Harry Ruggles, mwenye matbaa aliyekuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo wa klabu ile ya Chicago, ndiye aliyewaanzishia wenzake desturi ya kuimba mkutanoni, na sababu yake haijazeeka: watu waliokwisha kuimba pamoja huzungumza kwa urahisi zaidi. Imbeni wimbo ambao kila mmoja anaujua tangu shuleni, ubeti mmoja tu, na anayeanzisha aanze kwa sauti ya chini ili wazee waifikie.

Faini na shilingi ya furaha zichukue dakika 15. Mgeni mzungumzaji apewe dakika 15 na maswali yachukue tano. Dakika 20 zinazofuata ni za kazi ya huduma, na hizo msikubali ziliwe na kitu kingine. Zikibaki dakika kumi, nendeni nyumbani mapema.

Hatua ya sita: Mwalikeni mgeni mwenye jambo moja la kusema

Barua au simu imfikie wiki tatu kabla, ikitaja mada, muda na aina ya watu atakaowakuta. Wageni wetu waliopendwa zaidi hawakuwa wenye vyeo. Alikuwa mfuga nyuki aliyetuletea sega na kutuonyesha kwa ncha ya kisu tofauti kati ya asali iliyofunikwa kwa nta, ambayo imeiva, na ile iliyo wazi, ambayo ikivunwa ina maji mengi na huchacha; alikuwa muuguzi; alikuwa fundi umeme aliyetuambia ni nyaya zipi tusiziguse majumbani mwetu. Mgeni huondoka na chupa ya asali ya hapa hapa, hatozwi faini, na haombwi mchango siku hiyo.

Hatua ya saba: Kazi ipewe jina la mtu na tarehe

Furaha ya nusu saa ya kwanza hutayarisha watu kusema "mimi nitafanya", na katibu lazima awe tayari na kalamu. Usiandike "klabu itafuatilia". Andika nani, nini, mpaka lini, kisha usome kwa sauti kabla ya kufunga. Chukua mfano wa uchangiaji damu, ambao ni huduma inayofaa sana klabu ndogo kwa kuwa haihitaji fedha nyingi. Mpango wa taifa wa damu salama una kituo cha kanda ya magharibi hapa Tabora. Mwanachama mmoja akubaliane na kituo juu ya siku, wa pili atafute chumba chenye kivuli na maji, wa tatu aandikishe wachangiaji, wa nne ahakikishe kwamba watu wamekula na kuna kinywaji baada ya kutoa. Chupa moja ni takribani mililita 450, na mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya miezi minne. Kwa hiyo orodha itunzwe, na katika mikutano ya baadaye mtoza faini anaweza kuwaita kwa majina wale ambao muda wao umefika. Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ni siku nzuri ya kuanzia.

Fedha za kopo zihesabiwe mbele ya watu na wanachama wawili tofauti, kiasi kiandikwe kwenye daftari na kusomwa. Fedha hizo ni za huduma tu. Chai, karanga na karatasi zilipiwe na ada, kwa sababu mtu aliyelipa faini yake kwa kicheko akiamini inakwenda kwenye madawati ana haki ya kuiona kwenye madawati. Jumla ya kila jioni huwa ndogo, na mgeni anaweza kuidharau. Mweka hazina asome jumla ya jioni pamoja na jumla tangu mwaka uanze, ndipo watu huona sarafu zimekuwa mbao.

Hatua ya nane: Fuatilieni ambaye hakuja

Mkutano ukifungwa, vikombe vioshwe na wanachama wenyewe, mwenyekiti akiwamo, na viti virudishwe mlivyovikuta. Usiku huohuo katibu atume muhtasari wa nusu ukurasa kwenye kundi la WhatsApp: kazi, majina, tarehe, na shitaka moja bora la jioni ili waliokosa wajue walichokosa. Wanachama wasio na simu ya kupokelea ujumbe kama huo wapitiwe na jirani yao.

Kisha tazameni orodha ya mahudhurio. Aliyekosa mara moja bila taarifa apigiwe simu Ijumaa, na isiwe simu ya kuulizia ada. Aliyekosa mara mbili aendewe nyumbani, na mtani wake awe kati ya wanaokwenda. Sisi hubeba karanga na michembe iliyobaki Alhamisi, imefungwa kwenye karatasi, na tunabisha hodi jioni, wakati watu wa nyumba wamekwisha kurudi.